Chombo kisicho na tumbo: maji, tende na historia ya ubao wa tanga

Najua mlikuwa mkingoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msinipige mawe. Leo naomba ruhusa tutoke kidogo mbele ya tarakilishi twende baharini, kwa sababu kuna swali nililoulizwa mwaka 2008 ambalo halijaniacha, na mimi swali likinisumbua huwa sina dawa ila kulifuata mpaka lilikoanzia.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa nane mwaka huo nilikuwa likizoni Diani, kusi inavuma vizuri, nami nilikuwa na miaka miwili tu ya kujifunza ubao wa tanga. Kwa asiyeujua: ni ubao wa kuteleza juu ya maji, na juu yake kuna mlingoti mmoja uliosimama kwenye kiungo kinachopinda pande zote. Tanga unalishika mwenyewe kwa mikono miwili, umesimama wima. Usukani hakuna. Ukililaza tanga mbele, ubao unaukimbia upepo; ukililaza nyuma, ubao unaukabili. Mikono yako ndiyo kamba, na mwili wako ndio uzani wa chombo.

Basi asubuhi ile nilifunga chupa ya maji ya nusu lita kwa uzi pale chini ya mlingoti. Simu nikaitia katika mfuko wa nailoni, nikapiga mafundo mawili, nikaitumbukiza katika mfuko wa kaptura (mifuko ile ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na kwa kazi niliyoipa mimi haikufaa kitu hata ilipokuwa halali). Nikatoka kwenye mlango wa mwamba mpaka bahari kuu. Nilikwenda vizuri mno, kwa karibu saa moja. Kisha likapita wingu la mvua, na lilipoondoka liliondoka na upepo wote. Nikatazama chini ya mlingoti: uzi upo, chupa haipo. Simu nayo ilikuwa inaogelea ndani ya mfuko wake.

Nililala kifudifudi juu ya ubao nikapiga makasia kwa mikono, muda wa saa tatu, jua limerudi utosini, na mkondo unanipeleka kaskazini. Kufikia mwisho ulimi ulikuwa umekuwa kama kipande cha ngozi. Sitasema nilikaribia kufa, lakini nilianza kuyaangalia maji ya bahari kwa macho ambayo mtu mwenye akili timamu hayaangalii nayo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi katika ngalawa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Maji yako yako wapi, mwanangu?" Nikamwambia yameanguka. "Yameanguka!" Akauzunguka ule ubao kwa macho kama fundi anayetafuta mlango wa nyumba. "Chombo gani hiki kisicho na tumbo?" Ndipo akafungua kidumu chake cha lita tano akanimiminia kikombe, kisha kingine.

Hilo ndilo swali. Ukilifikiria utaona lina uzito. Kila chombo cha pwani yetu kina tumbo. Jahazi lina ngama, na lina mahali pa maji, pa kuni, pa mchele, pa tende. Hata ngalawa, ambayo ni gogo lililochongwa na kutiwa mirengu, ina shimo ambalo kidumu kinakaa bila kufungwa. Sisi huiita nafasi ya shehena, lakini kabla ya shehena ni nafasi ya uhai wa baharia mwenyewe. Sasa nani alitengeneza chombo bila hiyo nafasi, na kwa nini?

Jibu la kwanza linanihusu kwa kazi yangu. Mmoja wa watu wawili walioandikisha hataza ya ubao wa tanga nchini Marekani, Hoyle Schweitzer, alikuwa mtu wa biashara ya programu za kompyuta. Mwenzake, Jim Drake, alikuwa mhandisi wa ndege. Drake aliujaribu ubao wao wa kwanza Marina del Rey, California, mwezi wa tano mwaka 1967. Ombi la hataza liliwasilishwa 1968 na likakubaliwa Januari 1970, na Schweitzer akauza mbao hizo kwa jina la Windsurfer. (Hawakuwa wa kwanza. Newman Darby wa Pennsylvania alikuwa ametengeneza wake mwaka 1964 na kuueleza hadharani katika jarida la Popular Science la Agosti 1965, bila kuchukua hataza yoyote. Na huko Uingereza kijana Peter Chilvers alikuwa amefunga tanga lake juu ya ubao katika kisiwa cha Hayling mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12. Kitoto hicho kilikuja kuwa hoja mahakamani: mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliitupa hataza ya Schweitzer katika nchi hiyo. Sisi wapenzi wa programu huria tunaweza kukaa na kisa hiki usiku kucha, lakini leo nina kiu ya jambo jingine.)

Ninachotaka mkione ni kwamba watu hawa walikuwa wakiondoa vitu. Drake alitaka chombo chenye vipande vichache iwezekanavyo. Akaondoa usukani, akaondoa kamba za kushikilia mlingoti, akaondoa mahali pa kukaa. Tumbo nalo likaenda humo humo, na hakuna aliyelilia, kwa sababu hesabu yao ilikuwa ya mtu anayecheza saa moja mbele ya ufuo na gari lake limeegeshwa pale pale, na maji baridi ndani ya gari. Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa ni letu tuliotoka nje ya hesabu bila kuisoma.

Shida ya pili ni mikono. Katika jahazi, nahodha akitaka kunywa anamwachia mwingine usukani. Kwenye ubao wa tanga ukiachia mkono mmoja upepo ukiwa mkali, tanga linakuangusha. Kwa miaka ile ya mwanzo mtu hakuweza hata kujikuna pua. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970, pale waendeshaji wa Hawaii walipoanza kuvaa mkanda wenye kulabu, unaokuunganisha na kitanzi cha kamba kwenye mshikio wa tanga. Nguvu ya upepo ikahama kutoka vidoleni ikaingia kifuani, baadaye kiunoni. Ghafla mkono mmoja ukawa huru kwa sekunde kadhaa. Na kwa kuwa mkanda wa kwanza ulikuwa kama fulana inayofunika mgongo, watengenezaji wakashonea mfuko mdogo mgongoni: kipande cha kamba, kitanzi cha akiba, labda tunda. Hapo ndipo ubao ulipoanza kuota tumbo, na lilianza kuota mgongoni mwa mtu.

Kuna kituko hapa ambacho siwezi kukipita. Katika mashindano ya miaka hiyo walikuwepo waendeshaji waliovaa fulana zilizojazwa maji kilo kadhaa, na maji yale hayakuwa ya kunywa. Walitaka uzito tu, ili mwili mwepesi uweze kulizuia tanga kubwa. Baadaye sheria za mashindano zikaubana mchezo huo, maana mgongo wa binadamu si wa punda. Lakini fikirieni: mtu amebeba maji mgongoni kutwa nzima, na ana kiu.

Waliolazimika kulijibu swali la yule mzee kwa dhati ni wale waliotaka kwenda mbali, na kwa sababu fulani karibu wote walikuwa Wafaransa. Labda ni kwa sababu Ufaransa ilikuwa imeshaonja kisa cha daktari Alain Bombard, ambaye mwaka 1952 alivuka Atlantiki katika mashua ya mpira kutoka Las Palmas hadi Barbados kwa siku 65, akitaka kuthibitisha kwamba mtu aliyezama meli anaweza kuishi kwa samaki, mvua na maji kidogo ya bahari. Sehemu ile ya maji ya bahari imepingwa sana tangu hapo, na wataalamu wa uokoaji leo wanasema usiyanywe. Hesabu yake ni rahisi: lita moja ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na figo zako haziwezi kutengeneza mkojo mkali kiasi hicho. Ili kuitoa chumvi uliyomeza, mwili unalazimika kutumia maji mengi kuliko uliyoyapata. Unakunywa lakini unakauka.

Mwaka 1980 Arnaud de Rosnay, mpiga picha mwenye jina la kibaroni, aliondoka Nuku Hiva katika visiwa vya Marquesas akaenda hadi Ahe katika Tuamotu, Bahari ya Pasifiki, juu ya ubao wa tanga bila chombo cha kumsindikiza. Ilimchukua siku zipatazo kumi na moja. Usiku alijaza maboya ya upepo ubavuni ili ubao usipinduke, akalala, na tiara ikamvuta. Wapo waliotilia shaka simulizi yake. Mimi ninachokiona ni kwamba aliubeba mzigo wote mwenyewe, juu ya kitu kisichotengenezwa kubeba kitu. Novemba 1984 alijaribu kuuvuka mlango-bahari kati ya China na Taiwan. Hakufika, na mwili wake haukupatikana kamwe.

Christian Marty alichagua njia tofauti. Huyu alikuwa rubani wa ndege za abiria, na mwaka 1982 alitua Kourou, Guyana ya Kifaransa, baada ya siku 37 kutoka Dakar. Alikuwa na mashua inayomfuata, na humo ndimo kilimokuwa chakula. Lakini alikataa kupanda ndani yake kulala. Alilala juu ya ubao wake, usiku baada ya usiku, ili asiseme baadaye kwamba alivuka kwa ubao ilhali amelala kwa mashua. Namheshimu sana kwa hilo. Hata hivyo kwa lugha yetu ya tarakilishi, Marty alikuwa na mashine nyepesi isiyohifadhi kitu, na seva iko mita mia kadhaa nyuma yake. Mtandao ukikatika, yaani ukungu ukishuka au mashua ikipotezana naye usiku, hana tone. (Jina lake mlilisikia tena kwa huzuni: ndiye aliyekuwa rubani mkuu wa ile Concorde iliyoanguka Gonesse karibu na Paris tarehe 25 Julai 2000.)

Jibu la tatu lilikuwa kurudi kwa mabaharia wa kale na kuupa ubao tumbo. Stéphane Peyron na Alain Pichavant walivuka kutoka Dakar hadi Guadeloupe mwaka 1986 kwa ubao wa watu wawili, bila msaada wa mashua. Mwaka uliofuata Peyron akaenda peke yake, New York hadi La Rochelle, siku 46 katika Atlantiki ya kaskazini ambayo haina mzaha. Ubao wake ulizidi mita saba na ulikuwa na uwazi ndani, kiasi cha mtu kujitia kama maiti ndani ya jeneza, akafunga kifuniko na kulala. Pale pale alipolala ndipo palipokuwa ghala.

Aliyeukamilisha ufundi huo kwa macho yangu ni mwanamke, daktari wa mifugo kutoka Brittany aitwaye Raphaëla Le Gouvello. Mwaka 2000 alitoka Dakar akafika Martinique kwa siku 58. Mwaka 2002 akaivuka Mediterania, Marseille hadi Tunisia. Mwaka 2003 akatoka Lima, Peru, akafika Tahiti baada ya siku 89. Na mwaka 2006 akaja katika bahari yetu wenyewe: aliondoka Exmouth, magharibi mwa Australia, akatua kisiwa cha Réunion baada ya siku 60. Ubao wake ulikuwa na urefu wa mita 7.80, wenye kichumba kidogo. Mchana alisimama na tanga kwa saa kadhaa, kisha akalikunja, akaingia chini, akapika chakula chake kikavu, akalala.

Hebu tufanye hesabu hapa, maana ndiyo iliyonifungua macho. Mtu anayefanya kazi juani anahitaji, tuseme, lita tatu za maji kwa siku, pamoja na yale ya kupikia. Siku 60 ni lita 180. Lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo unabeba kilo 180 za maji tu, kama watu wawili na nusu wamelala ndani ya ubao wako. Hata ubao wenye tumbo hauwezi kuteleza hivyo. Tende hazina shida hiyo: ni chakula kikavu, kitamu, hakiozi, ndiyo maana vyombo vya Ghuba vilikuja navyo huku kwetu karne kwa karne. Chakula kinaweza kukaushwa kikawa chepesi. Maji huwezi kuyakausha.

Basi kama hauwezi kuyabeba, uyatengeneze. Le Gouvello alikuwa na mashine ndogo ya kutoa chumvi. Mashine ya namna hii inasukuma maji ya bahari kwa shinikizo la zaidi ya mara 50 ya lile la hewa, yapite kwenye utando mwembamba sana, ambao unapitisha maji na kuiacha chumvi nyuma. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hiyo ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika chuo kikuu cha UCLA, karibu na mwaka 1960. Chuo hicho kiko kilomita chache tu kutoka pale Marina del Rey ambako Drake alikuwa ataujaribu ubao wake. Nilipoliona hilo kwenye ramani nilicheka peke yangu. Ugonjwa na dawa vilizaliwa mtaa mmoja, vikachukua zaidi ya miaka thelathini kukutana.

Lakini mimi na wewe hatuendi Réunion. Tunakwenda saa mbili au tatu nje ya mwamba, na hilo tatizo dogo lilitatuliwa na mtu ambaye hakuwa na habari na bahari. Mwaka 1988 Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa huko Texas, alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya baiskeli ya maili mia katika joto la Wichita Falls. Akachukua mfuko wa plastiki wa dripu, akautia ndani ya soksi ndefu, akaishonea soksi mgongoni mwa fulana yake, na mrija akaupitisha begani mpaka karibu na mdomo. Kutokana na soksi ile ikazaliwa CamelBak. Ni mfuko laini, haugongigongi, hauna kona, na maji yakipungua nao unanywea, kwa hiyo hayachezicheze. Na la muhimu kwetu: huhitaji mkono. Unauma mrija, unafyonza, mikono yote miwili ipo kwenye tanga. Sioni kifaa kingine katika historia hii yote kilichofanya kazi kubwa kwa bei ndogo hivyo.

Vifaa vidogo vingine ni rahisi zaidi, isipokuwa simu. Wengi wanaamini simu yenye alama ya IP68 haiogopi bahari. Vipimo vile hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyotulia. Chumvi ikiingia kwenye tundu la chaji inaanza kula madini yake kimyakimya. Tia simu katika mfuko maalumu unaofungwa kwa kukunja, na usiitegemee, maana vidole vyenye maji ya chumvi kwenye kioo ni kama kumwandikia mtu barua kwa mchuzi. Siku hizi kuna king'ora cha redio kidogo kama kiganja, kinachotuma mahali ulipo kwa satelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo uliookoa watu wake wa kwanza mwaka 1982. Hicho nakifunga mwilini, kamwe si kwenye ubao, kwa sababu siku mtakayoachana wewe na ubao ndiyo siku utakayokihitaji.

Leo navaa mfuko wa lita moja na nusu mgongoni, tende kumi ndani ya kijaluba, filimbi shingoni, kamba mita tatu kiunoni. Jumla haizidi kilo tatu, na baada ya dakika kumi husahau kwamba ipo.

Mwaka 2011 nilirudi Diani nikamtafuta yule mzee, nikamkuta anatengeneza nyavu. Nikageuka nikamwonyesha mgongo: tumbo hili hapa, mzee. Akaugusaugusa ule mfuko, akacheka alipouona mrija, akasema nimekuwa mzima ananyonya kama mtoto. Kisha akaomba ajaribu. Akafyonza, akakunja uso.

"Maji ya moto haya, mwanangu. Yangu hukaa kivulini, chini ya tanga bovu."

Nikamjibu kwamba hilo bado nalitafutia ufumbuzi. Nimejaribu barafu, nimejaribu kitambaa kilicholowa. Barafu inakaa saa moja tu. Mwenye mbinu aniambie.

Hifadhidata, sehemu ya pili, wiki ijayo.